Kiti cha Jemadari Mringo

Zama zile chuma cha Upare kilipotafutwa na misafara ya bara na pwani, masika ya mwaka mmoja yalishuka milimani yakakataa kuondoka. Siku ya kumi na mbili ya mvua hiyo, habari zilimfikia mfumwa, mtawala wa milima: wavamizi wa nyika wameuzingira mji wa Mbaleni, ng'ambo ya mlima, wakitaka wahunzi na watoto wa kuuza.

Njia ya bondeni ilikuwa imemezwa na mafuriko. Iliyosalia ni ya juu, na aliyeijua vyema ni Nakiete, mfinyanzi aliyezoea kuipita na vyungu kichwani. Watoto wake wawili walikuwa Mbaleni kwa bibi yao, mama yake Nakiete. Hakungoja kuombwa. Alijifunga ngozi ya mbuzi, akawatangulia wapiganaji thelathini wenye mikuki na ngao za nyati.

Lakini jemadari wao, Mringo, alisafiri na kiti cha heshima alichopewa na mfumwa, kiti cha mninga kilichotiwa nakshi za shaba, kikibebwa na watu wanne kwa miti miwili. Kila penye mwinuko jeshi zima lilisimama kukingoja.

"Jemadari," Nakiete alisema, "kwa mwendo huu tutafika kuzika."

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Wapiganaji walicheka chini kwa chini. Mringo hakucheka.

Siku ya pili walipanda kati ya miti iliyoota ndevu za kuvu na maporomoko meupe yaliyonguruma pande zote. Mara ukungu ukafunguka. Mbali chini Ziwa Jipe lilimeta kama upanga, na nchi ilikuwa nzuri ya kumliza mtu. Nakiete hakuuona uzuri huo. Aliona moshi mweusi juu ya Mbaleni.

Kwenye ukingo mwembamba wa jabali, mbebaji mmoja, Kadeghe, aliteleza. Angeweza kuuachia mti wa kiti ajiokoe.

"Usiachie!" Mringo alifoka.

Kadeghe hakuachia. Aliponyokwa mwishowe, akatumbukia korongoni. Kiti kikabaki kimenasa kwenye mizizi.

"Kiti kimepona?" Mringo aliuliza.

Nakiete alimpokonya mpiganaji mmoja shoka, akakata kamba zilizokifunga kiti kwenye miti yake, akakisukuma kwa mguu. Kilisikika kikivunjika mara tatu.

Mringo alichomoa sime. "Umetupa heshima ya mfumwa!"

"Nimetupa gogo. Wewe umemtupa Kadeghe!"

Wapiganaji wakaingia kati, mmoja mmoja, migongo yao ikimwelekea jemadari. Kisha wakamfuata mwanamke yule mbio.

Waliishukia Mbaleni alasiri, kutoka juu, ambako wavamizi hawakuweka hata mlinzi mmoja. Nyuzi za pinde zao zilikuwa zimelegea kwa maji. Mikuki ya Upare haikulegea. Kabla ya jua kutua nyika ilikuwa imewapokea wavamizi waliobaki hai, wakikimbia. Nakiete aliwakuta wanawe chini ya ghala, wazima. Mama yake alikuwa ameuawa langoni asubuhi ile ile.

Asubuhi ile ile! Kila kituo cha kukingojea kiti kilimrudia moyoni.

Mbele ya mfumwa, Mringo alisimulia ushindi kama wake. Nakiete akaamriwa kuomba radhi kwa ajili ya kiti.

"Nitamwomba radhi mke wa Kadeghe," alijibu, "kwamba sikuzikata kamba zile siku ya kwanza. Kwa huyu sina radhi."

"Basi nchi hii haina nafasi yako," mfumwa alisema.

Aliondoka na wanawe mvua ikinyesha, akahamia Utaita. Milimani waimbaji wa sifa walimtukuza Mringo, aliyeuvuka mlima wakati wa masika. Mwanamke aliyetangulia hawakumtaja. Uzeeni, mjukuu wake alimuuliza kama hasira yake haijaisha.

"Iishe iende wapi?" alisema Nakiete, akaendelea kukanda udongo.