Weusi Juu ya Kitanda cha Mama

Kitambaa cha kumfutia mama mdomo kilianza kukosa kazi. Hilo ndilo lililoharibika kwanza katika nyumba ile, na kwa kuwa lilipunguza kazi badala ya kuiongeza, hakuna aliyelilalamikia.

Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Mdomo umeteremka, maneno yameondoka, kilichobaki ni mkono wa kushoto na macho mawili makali. Mkamwana wake, mshonaji aliyeweka cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, ndiye aliyemlisha uji kila mchana, na kila kijiko kilichoingia, nusu yake ilirudi kidevuni. Akimaliza hupeleka bakuli jikoni, hulowesha kitambaa, hurudi kumfuta. Sasa akawa anarudi na kumkuta mama ameshakuwa safi. Kidevu kinang'aa, shingo inang'aa, hata ile mikunjo ambayo yeye huipitia harakaharaka. Alidhani mama ameanza kujifuta kwa ule mkono mmoja, akamsifu kama anavyosifiwa mtoto aliyekwenda chooni peke yake. Mama alimtazama tu. Alipomwinamia kumweka sawa mto, mshonaji alinusa kwenye shavu la mama mkwe wake harufu ya maziwa yaliyochacha na ya kinywa kisichojua mswaki. Yalikuwa mate. Shavu zima lilikuwa na mate yaliyoanza kukauka.

Na mama akawa anakonda. Bakuli linaingia limejaa, linatoka tupu, na mifupa inazidi kuchomoza. Binti yake mkubwa, aliyeolewa mtaa wa pili, alikuja siku moja, akafunua shuka, akaziona mbavu, akafunika. Hakupiga kelele. Alimwambia wifi yake, kwa upole ulio mbaya kuliko matusi, kwamba mama yao hakupooza tumbo, na kama kumlisha kumemshinda aseme, mama ahamishwe. Kisha akamgeukia kaka yake na kumkumbusha kwamba mke hupatikana mwingine, mama hapatikani.

Kaka huyo, mume wa mshonaji, alikuwa fundi simu. Mtaa mzima ulimwita Spiriti, kwa kuwa hagusi simu ya mteja kabla hajaisugua kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Watu wanaongea na simu wakiwa chooni, alikuwa akisema, halafu wananiletea mimi niweke sikioni. Alizaliwa na kinyaa chake. Unywele mmoja kwenye chakula ulimtoa mezani, na mtu akitema kohozi karibu naye, siku yake imeishia hapo. Alimpenda mama yake kuliko watu wote, lakini tangu augue alimsalimia akiwa mlangoni. Mkewe alilijua hilo na hakuwahi kulisema.

Spiriti akaamua kumsafishia mkewe jina. Alichukua simu kuukuu iliyopasuka kioo lakini kamera ni nzima, akaipandisha juu ya kabati la nguo chumbani kwa mama, waya wa chaji ukishuka nyuma. Ndani yake akaweka programu ya ulinzi. Kitu chochote kikisogea, programu inakizungushia mstari mwekundu, inakipiga picha, na kuituma kwenye simu yake kibandani pamoja na mlio. Mshonaji alimshikilia kigoda wakati anapanda. Weka, alimwambia, mimi sina la kuficha.

Siku ya kwanza mlio haukukoma. Pazia likipepea, mlio; feni ikirusha kivuli ukutani, mlio. Wateja walimtania kwamba amepata mchumba asiyejua kusubiri. Akaipunguzia programu wepesi wa kushtuka, ikatulia, na mchana mlio ukaja wa haki. Akafungua. Mstari mwekundu ulimzunguka mkewe akiwa amemlaza mama ubavu, nguo ziko juu, beseni liko chini, na mama, jinsi mtoto wa kiume asivyotakiwa kumwona mamaye, amejaa kwenye kioo. Spiriti aliilaza simu kifudifudi. Alikaa akitazama chaja zilizoning'inia ukutani. Ilikuwa aibu, ilikuwa heshima, na tuseme ukweli, ilikuwa kinyaa pia, ingawa hilo la mwisho hakujiambia.

Programu ile ilikuwa na mahali pa kuiambia: hapa usitazame. Unachora kwa kidole, panazibwa weusi, na lolote litakalosogea ndani ya weusi halipigwi picha wala halipigiwi mlio. Imewekwa hivyo kwa ajili ya miti inayotikiswa na upepo. Spiriti alichora juu ya kitanda cha mama yake, kuanzia kichwani hadi miguuni, akashusha pumzi.

Picha zikawa hivi: mshonaji anakuja na bakuli limejaa, anaingia kwenye weusi, anatoka na bakuli tupu. Dada alipoonyeshwa alicheka kwa pua.

"Umeziba palepale ninapotaka kupaona," alisema. "Humo ndani si anaweza kuula uji mwenyewe."

"Dada, yule ni mama. Siwezi kumweka mama uchi kwenye simu."

Dada akamrudishia simu, maana naye asingeweza. Wakati wa kuondoka alisema tu kwamba mama anakufa, na akifa kwa njaa katika nyumba yenye chakula, wao wawili wasimtegemee yeye kwenye mazishi.

Siku iliyofuata, mshonaji alipokwisha kutoka na mlango kufungwa, mlio ulikuja. Picha ilionyesha chumba kitupu, ila chini, pembeni mwa weusi, mstari mwekundu umezunguka kitu cheusi chenye maji, kama dekio lililosahauliwa kwenye ndoo, kikivutwa kuingia kitandani. Picha ya pili haikuwa na kitu. Spiriti alidhani ni blanketi. Wateja walikuwa wamesimama wanangoja, naye akafanya kama mafundi wafanyavyo mashine ikiwasumbua: akaongeza weusi kidogo, ukashuka hadi sakafuni. Kesho yake mlio ulikuja kutoka mbele zaidi, akaongeza tena. Hivyohivyo weusi ukatoka kitandani, ukapita sakafuni, ukafika chini ya dirisha, na mlio haukusikika tena. Alikuwa amemchorea njia mtu asiyemjua, nyumbani kwake mwenyewe, kwa kidole chake.

Nyumbani harufu ilizidi. Mshonaji alisugua sakafu kwa sabuni, akabadilisha shuka, akaanika godoro juani, na bado chumba kilinuka kama mdomo uliofunguliwa. Mchana mmoja, akiwa anashona, uzi ulikatika, cherehani ikanyamaza, na katika ule ukimya akasikia sauti ya kufyonza. Ilikuwa sauti ya mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa, anapumzika, anafyonza tena, na haikuwa na haraka. Aliisikiliza akiwa na sindano mkononi, kisha akaiweka chini, na alipoufungua mlango alimkuta mama peke yake, machozi yanamtiririka, uso umelowa hadi masikioni, nywele zimegandana kwa mate, na kwenye shuka, kando ya shingo, kuna bonge la nywele zisizo zake, limetafunwa pamoja na uji.

Hakumwita mumewe. Alikwenda kwa mwosha maiti.

Mwosha maiti alikuwa mama mnene mwenye mikono mikubwa, ambaye watu walimwita pia nyumba ikiingiliwa na majini, kwa kuwa watu waliamini hakuna kinachoweza kumtia kinyaa tena. Aligusa lile bonge kwa kidole, akalivuruga, akanusa. Aliuliza kama kuna chai. Wakati Spiriti anafika kutoka kibandani mwosha maiti alikuwa kwenye kikombe cha pili, akaomba aonyeshwe picha zote.

"Huyu ni jini mlafi," alimwambia kwa sauti ya chini, mlango wa mama ukiwa wazi kidogo. "Chakula cha sahani hawezi. Anakula kilichokwisha kupita kinywani mwa mtu. Na hukaa pale ambapo wenye nyumba wamegeuza uso."

Spiriti alisema hakugeuza uso, alistahi. Mwosha maiti akakubali, akasema heshima ni nzuri, ila jini naye amefaidi. Aliyemfunika ndiye wa kumfunua. Akishaonwa kwenye ile picha hataweza kujificha tena. Hapo Spiriti aingie, amshike nywele, amvute hadi dirishani amtupe nje.

"Usifumbe macho," alisema, "na usifumbue mdomo. Huyu anaishi midomoni. Akikosa mdomo wa mama, atatafuta mwingine. Nasikia una kinyaa."

"Kidogo."

"Basi kiache nje na viatu."

Kesho yake mchana mshonaji alimlisha mama, akatoka, akafunga mlango, na yeye, mumewe na mwosha maiti wakasimama ukumbini wamebanana kwenye simu moja. Spiriti alipitisha kidole, weusi ukafutika, kikaonekana kitanda na mama juu yake, mdogo kama nguo iliyokunjwa. Kisha chini ya dirisha mstari mwekundu ukaanza kuchora kitu kinachojivuta bila miguu, nywele tupu zinazotona maji, nacho kikapita sakafuni taratibu kama mtu wa nyumbani anayejua meza iko wapi, kikapanda kitandani, kikageuza uso usio na macho wala pua, uso uliokuwa midomo tu, minene, ya rangi ya ini, na midomo hiyo ikafunguka na kuufunika mdomo wa mama na pua yake na nusu ya mashavu, ikaanza kufyonza, na koo la mama likawa linakwenda kinyume, linapandisha badala ya kushusha, huku ule mkono wa kushoto ukilipiga lile dubwana polepole, bila nguvu, kama anayebisha hodi asikofunguliwa.

Spiriti aliingia. Alizishika zile nywele na zilikuwa za moto, zina utelezi, ngozi iliyokuwa chini yake ni laini kama ndani ya shavu. Alivuta macho wazi. Alivuta hadi ile midomo ikabanduka kwa mlio wa gundi, na alipoifikisha dirishani yule jini akageuka akamcheulia usoni kila alichokuwa amefyonza, uji, makohozi, mate ya mama yake mzazi, vuguvugu, vikamwingia puani, na tumbo la Spiriti likapanda juu bila kumuuliza. Alifumbua mdomo. Alitapika, na katikati ya kutapika, bila kutaka, akameza.

Kisha mkononi hakuwa na kitu ila unyevu.

Mwosha maiti aliingia akanusa kona zote. Harufu ilikuwa imeondoka. Akatazama matapishi sakafuni.

"Ulitapika ukiwa bado umemshika, au alipokwisha kutoka?"

Spiriti alijifuta kwa mkono wa shati. Mkewe alikuwa amempakata mama, anamlilia shingoni kwa furaha, na yeye aliona haya kuwa mtu mzima aliyeshindwa na tumbo lake mbele ya wanawake.

"Alipokwisha kutoka."

Mwosha maiti alimtazama, akasema haya, akachukua mkoba wake.

Mama alianza kurudisha nyama. Uji ulikaa. Uliobaki kidevuni ulibaki kidevuni, na mshonaji aliufuta kwa shangwe kana kwamba ni asali. Dada alikuja kumwomba radhi wifi yake, wakala pamoja. Spiriti naye alibadilika, na watu walipenda. Aliacha kusugua simu za wateja. Alikunywa kwenye kikombe cha yeyote, akamalizia makombo ya sahani zote, hata mifupa waliyokwisha kuitema wengine, na dada akasema ugonjwa wa mama umemfanya kaka yake kuwa binadamu. Mshonaji alicheka, ingawa usiku alianza kulala amempa mumewe mgongo, kwa sababu ya pumzi yake.

Mchana mmoja Spiriti alifunga kibanda mapema, akaomba bakuli. Leo nimlishe mimi, alisema. Mshonaji alimpa na machozi yakamlenga, maana hakuwahi kumwona mumewe akivuka ule mlango kwa hiari. Alisimama hapo kizingitini apate kuwatazama.

Spiriti alikaa kitandani, karibu sana, akanyanyua kijiko. Mama, aliyekuwa akila chote apewacho, alifunga mdomo. Ule upande ulioteremka haukuweza kufunga, akauinulia mkono wa kushoto, akaubana kwa vidole mpaka kucha zikaingia ngozini. Macho yake hayakuwa kwa mwanawe. Yalikuwa mlangoni, kwa mkamwana wake, hayapepesi.

"Kula, mama," alisema Spiriti kwa sauti ya mtoto mwenye njaa, huku akimwinamia. "Kula kidogo tu, halafu unirudishie."