Punje za Manjano za Chepngeno

Kila jioni baada ya masomo, Chepngeno alikuwa na kazi moja nyumbani kwao Kibomet, pale Kitale: kumkatia ng'ombe majani. Ng'ombe huyo wa mama alikuwa na tumbo lisilojua sikukuu. Kazi hiyo Chepngeno hakuipenda hata kidogo. Aliyoipenda ni ile ya nyuma ya nyumba, kwenye mashina yake ishirini ya mahindi.

Mwezi wa Mei, majirani wakiwa wameshapanda kitambo, Mwalimu Gladwell aliwagawia wanafunzi wa Gredi ya Sita mbegu nyeupe wapande nyumbani. Ambaye mahindi yake yangekuwa bora angeiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi kule Bungoma. Chepngeno aliitaka safari hiyo kuliko viatu vipya. Rafiki yake Wanyoike hakuwepo siku ya kugawa, hivyo akaruhusiwa kupanda mbegu ya manjano aliyopewa na nyanyake wa Naitiri.

Siku moja mwishoni mwa Julai, Chepngeno alicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake hadi jua likakaribia kuzama. Alipofika nyumbani, ng'ombe alikuwa akilia kwa njaa. Angeenda wapi kukata majani saa hizo? Macho yake yakaangukia mbelewele zilizochipuka juu ya mahindi yake. Kila mwaka alimwona mama akikata mbelewele na kumlisha ng'ombe. Akazikata zote ishirini, ng'ombe akanyamaza, naye akajiona mjanja. Hakuwa amegundua kwamba mama husubiri ndevu za mahindi zinyauke kwanza.

Juma lililofuata Mwalimu Gladwell aliingia darasani na shina zima la muhindi. Mbelewele ndiyo ua la kiume, alieleza, na unga wake huitwa chavua. Ndevu ni sehemu ya ua la kike. Kila udevu mmoja umeshikana na punje moja changa, na usipoguswa na chavua, punje hiyo haikui.

Chepngeno alihisi kama amemwagiwa maji baridi. Ndevu za mahindi yake zilikuwa zimetoka juzi tu, na mbelewele zilikuwa tumboni mwa ng'ombe. Mbelewele za majirani nazo zilikuwa zimeshakauka. Katika daftari lake la maendeleo ya mahindi, ambalo Mwalimu angelikagua, akaandika kwamba mvua ya mawe ilivunja mbelewele zote. Mvua hiyo ilinyesha kweli, ila mahindi yake haikuyagusa. Kisha akamkimbilia Wanyoike na kumwambia uongo uleule.

"Si yangu iko na unga mob, umejaa tele," Wanyoike akamwambia. "Kuja asubuhi, umande ukikauka."

Asubuhi tatu, kuanzia Jumamosi, walikung'uta mbelewele za Wanyoike ndani ya mfuko wa karatasi, wakakimbia hadi kwa kina Chepngeno na kuzinyunyizia ndevu chavua, shina baada ya shina. Shina la mwisho lilikuwa limefichwa na wigo, wakalisahau.

Oktoba ilipofika, Mwalimu Gladwell alikuja kukagua pamoja na Mzee Ndirangu, mkulima aliyeheshimiwa mtaani. Mahindi yalikuwa yamejaa vizuri. Mzee akamenya muhindi mmoja, akakunja uso. Punje zake zilikuwa za manjano.

"Hii si mbegu ya shule," akasema. "Huyu mtoto amebadilisha."

Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Wanyoike ndiye aliyeeleza kwamba ndevu zilinyunyiziwa chavua ya mahindi yake ya manjano, na Mwalimu akathibitisha kwamba chavua hiyo ndiyo iliyozipa punje rangi. Mwalimu akafungua daftari la Chepngeno na kusoma kuhusu mvua ya mawe, uso wake ukang'aa. Alisema mtoto aliyepigwa na hali ya hewa akapata njia ya kuokoa mimea yake anastahili kwenda Bungoma. Mzee Ndirangu akakubali.

Safari ilikuwa mkononi. Chepngeno alichohitaji ni kunyamaza tu, lakini akapiga hatua mbele.

"Mwalimu, si mvua ya mawe," akasema. "Ni mimi nilikata. Nilicheza kati nikasahau majani, nikampa ng'ombe mbelewele. Wanyoike, hata wewe nilikudanganya."

Chepngeno akaenda kwenye wigo, akavunja muhindi wa shina lililosahauliwa na kuumenya mbele yao. Lilikuwa gunzi tupu, bila punje hata moja.

Mwalimu Gladwell aliuweka muhindi wa manjano kando ya lile gunzi. Kisha akampa Chepngeno kalamu, naye akaupiga uongo mstari na kuandika ukweli.

"Utaenda Bungoma na hivi viwili," Mwalimu akasema. "Kukosea ni kwa kila anayejifunza. Lakini ukidanganya kuhusu kosa lako, hakuna mwingine atakayejifunza kutokana nalo. Leo umetufundisha sote, hata Mzee hapa."

Mzee Ndirangu alicheka, akakiri kwamba tangu aanze kulima hakuwahi kujua udevu una kazi gani.

Wageni walipoondoka, mama alimshika Chepngeno mabega. "Nimejivunia wewe leo, mwanangu," akasema, macho yakimlengalenga machozi. Kisha akamkabidhi mundu, kwa maana ng'ombe alikuwa ameanza kulia. Chepngeno akaenda kukata majani akiimba.