Marehemu Hradil Anaendelea na Mazoezi

Wiki ya tatu baada ya Maestro Hradil kuzikwa, ukumbi ulianza kunuka kafuri. Harufu ilitoka kwenye jukwaa dogo la mwongozaji, ikashuka mpaka safu ya filimbi alipokaa Walburga Stelzer.

"Nani kajipaka dawa?" alinong'ona.

Emmerich, mpiga zumari wa kiti cha jirani, aliyezoea kumwita Burgl kwa kifupi, hakugeuka. "Nilidhani ni wewe, Burgl. Yule mzee ndiye alikuwa akijipaka kafuri."

Vienna nzima ilimjua mzee Hradil. Kwa miaka ishirini na miwili aliwaongoza wapigaji themanini wa okestra kwa matusi. Aliwahi kumfukuza mtu kazi kwa kukohoa. Lakini santuri zake zilinunuliwa mpaka Amerika, na watu wakasema ni shetani, ila msikilize! Wapigaji wenyewe walilisema hilo mkahawani, tena kwa fahari.

Mrithi wake, Konrad Aigner, alikuwa mtu wa tafadhali na samahani. Chini yake walipiga vizuri, basi.

"Tafadhalini, turudie mwanzo," alisema asubuhi ile, huku akifuta miwani yake kwa mikono miwili.

Tak, tak, tak. Kijiti cha mwongozaji kiligonga chuma.

"Nani huyo?" Aigner aliuliza. Wapigaji wote walikwisha kuinua vyombo vyao.

Wakapiga. Aigner alisimama mikono imemning'inia, na muziki ukaenda bila yeye, ukapanda, ukakaza, na Walburga akahisi pumzi baridi ikimgusa sikio na sauti aliyoijua ikimwambia, "Tena, ng'ombe wewe," na machozi yakamtoka, na katika filimbi yake ikatoka sauti safi ambayo hakuwahi kuitoa tangu azaliwe.

Ilipokwisha, Aigner alikuwa mweupe kama karatasi. "Sikuwaongoza mimi," alisema.

Onyesho la Jumapili lilisifiwa magazetini. Gazeti moja lilimtaja Walburga kwa jina, mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ya kazi. Alikata kile kipande, akakiweka ndani ya pochi.

Jumanne kiti kitupu kikaanza kupiga.

Kilikuwa kiti cha Ruprecht Lindner, mpiga baragumu. Miaka mitatu nyuma Hradil alimsimamisha mbele ya wote, akamfanya arudie sehemu moja ya muziki mara arobaini, mpaka mdomo ukapasuka na damu ikachuruzika kwenye shati. Katikati ya mateso hayo Hradil aliuliza, "Hata nyumbani kwa mkeo unachoka mapema hivi?" Walburga ndiye aliyecheka wa kwanza. Wengine wakamfuata. Ruprecht alimtazama yeye tu, akakaa, na kesho yake hakuja. Alikufa majira ya baridi kwa dada yake, akiwa hasemi na mtu. Santuri ya wiki ile ikapata tuzo.

Sasa baragumu ililia kutoka kile kiti, sehemu ileile, na kati ya mlio na mlio wakasikia mtu akimeza kitu cha majimaji, akivuta pumzi kwa shida, akianza upya, na juu yake kile kijiti kikigonga, kikigonga, na kila alipoanza upya alikuwa amechoka zaidi ya mwanzo, na bado hakuruhusiwa kuacha.

"Hata kaburini hajamwachilia Ruprecht," Emmerich alinong'ona. "Mungu wangu, Burgl, hata kaburini!"

Aigner akamleta Padri Ambros, mtawa mzee aliyezoea nyumba zenye wageni wa namna hiyo. Alinyunyiza maji, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hradil amebaki kwa sababu amekaribishwa," alisema. "Kila mmoja amfukuze kwa mdomo wake mwenyewe. Akibaki hata mmoja anayemtaka, nitakuwa nimekuja bure."

Wakaanza na fidla. "Ondoka." "Ondoka." Wengine walilia wakisema. Kwa kila neno harufu ilipungua, na baragumu ikawa inalia kwa mbali, kama mtu anayeelekea kupumzika. Emmerich alisema lake kwa sauti kubwa.

Ikawa zamu ya Walburga.

Alifungua mdomo. Alimwaza Ruprecht na shati lake. Aliwaza pia filimbi yake jinsi itakavyolia kesho, vizuri, basi, kama miaka ile yote kumi na minne.

"Sema, binti," Padri alisema.

"Sema, Burgl," Emmerich alimsihi. "Neno moja. Maskini anasubiri."

Uso ulimwaka kwa aibu. Aliinamisha macho, akanyamaza.

Padri alisubiri kwa muda mrefu, kisha akafunga mkoba wake. Aigner akachukua koti, akatoka nyuma yake bila kuaga. Kwenye kile kiti mtu akavuta pumzi, akaanza upya.

Emmerich alivuta kiti chake mbali naye. Walburga aliona, na hakuweza kumtazama. Alipanga vidole kwenye filimbi, akasogeza sikio kidogo, akingoja atukanwe.