Tanuri la Pili

Jua lilikuwa linatua Ochola alipofika kumalizia kazi katika kiwanda cha mafuta ya nazi kule Junju. Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Matanuri ya kukaushia nazi ziwe mbata yalikuwa yamefungiwa sanduku jipya la kuyaongoza, na Ochola alitumwa kutoka Nairobi kuliwekea maneno. Aliuandika ujumbe mmoja mmoja, akaupa kila mmoja nambari yake: JOTO LIMEZIDI. MLANGO UKO WAZI. Pakitokea hitilafu, sanduku huita nambari na printa iliyounganishwa nalo huchapa maneno yake.

Nyevu, mama wa Kigiriama aliyesimamia matanuri, aliitikia shikamoo yake, kisha akamsihi amalize kabla giza halijaingia. Hakusema kwa nini.

Alikuwa akikusanya vifaa vyake printa ilipoanza yenyewe.

Krrr… krrr…

Akainama kusoma.

NIKO NDANI.

Hakuwa ameandika maneno hayo. Alitazama kwenye sanduku nambari iliyoitwa. Haikuwa na maneno yoyote. Hapo ndipo alipoisikia harufu: mbata iliyoungua… na nyuma yake, harufu ya nywele. Lakini matanuri yalikuwa yamezimwa tangu asubuhi.

Krrr…

TANURI LA PILI. FUNGUA.

Ochola alidhani kuna mtu kafungiwa kweli. Alikimbia, akashika komeo. Lilikuwa la moto.

Mkono wa Nyevu ukamdaka.

"Usifungue, mwanangu," alinong'ona.

Akamweleza kwa pumzi fupifupi. Kaingu, mdogo wake, aliingia humo kufagia. Wenzake wakadhani ametoka, wakafunga, wakawasha. Tangu hapo, kila magharibi, mlango ule hubishwa kwa ndani. Mlinzi aitwaye Tsuma aliwahi kufungua. Asubuhi walimkuta humo, ameungua mwili mzima, na tanuri lenyewe ni baridi.

"Siku zote alikuwa akibisha tu," alisema Nyevu. "Wewe ndiye uliyempa maneno."

Nyuma yao, printa ikalia tena.

OCHOLA. FUNGUA.

Jina lake hakuwa ameliandika popote. Alirudi mbio, akauchomoa waya wa umeme ukutani.

Printa haikunyamaza.

OCHOLA. OCHOLA. OCHOLA…

Alitoka mikono mitupu, vifaa vyake akaviacha sakafuni.

Wakubwa wake Nairobi walisema ni unyevu wa pwani umeingia kwenye nyaya. Wakampeleka Maina, fundi mwenzake, akamalizie. Wiki iliyofuata Maina alipiga simu, sauti yake tulivu kabisa. Kazi imekwisha, alisema, mashine inachapa vizuri, na watu wa huko ni wakarimu.

"Kuna mmoja anaitwa Kaingu," akaongeza. "Alikuulizia sana. Nimemwelekeza kwako."

Ochola alitaka kumuuliza alimwona wapi huyo Kaingu, ana sura gani. Badala yake akakata simu.

Kesho yake alihama. Hakumwambia mtu anakokwenda, na zaidi ya wote alimficha Maina.