Kisanduku Kilichokataa Kuwaka

Jumamosi, saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma ya bucha, Silibwet. Damu ya ng'ombe wa alfajiri ilikuwa bado inateleza sakafuni. Kiplangat alichora ramani kwa kipande cha makaa kwenye karatasi ya kufungia nyama: lango, mizani ya majani chai, zahanati, ofisi. Akachomeka kisu kwenye ofisi.

"Hapa. Kisanduku cheusi kando ya kompyuta. Kompyuta muache. Mvua ya mawe ikianza kuanguka, yale mabati yatapiga kelele mpaka hata ukivunja mlango na shoka, mlinzi atasema ni Mungu."

Kiplangat alikuwa jambazi wa kazi. Miaka sita jela, kovu la panga shingoni, na haya hana. Alipenda kusema kwamba babu yake alifukuzwa kwa bunduki kutoka kilima kile kile ambacho Kampuni ilipanda chai, kwa hiyo yeye haibi, anadai. Alikuwa na mnunuzi, mtu wa Nakuru, wa kufika saa kumi na moja jioni. Mnunuzi alitaka kuona kisanduku kikiwaka kwa macho yake. Kikikataa, hakuna biashara.

Opondo hakuwa jambazi. Alikuwa fundi wa redio na mota, mtu wa kutoka ziwani aliyefuata mkewe kwenye chai. Syprose, mchumaji namba 4417. Wakamtoa kwenye kuchuma wakambebesha pampu ya dawa ya magugu, bila glavu, bila buti. Miezi mitano. Kucha zikang'oka. Kisha pumzi. Opondo alikuwa Fort Ternan akifunga mota ya kinu cha posho. Alirudi akakuta jeneza. Mara tatu alienda ofisini, mara tatu akaambiwa marehemu hakuwahi kukanyaga zahanati hata siku moja. Angekuja, angetibiwa. Maana yake alijiua kwa ujinga wake. Kepher, kaka yake Syprose, aliyekuwa akikaa na dada yake kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, alisema vivyo hivyo, macho chini.

Wakili mmoja alipoanza kuuliza maswali, madaftari ya zahanati yalichomwa nyuma ya kiwanda. Sisi wachumaji tuliokuwepo tuliuona ule moshi. Lakini Kampuni ambayo huhesabu mpaka jani la mwisho la chai haiwezi kuacha kuhesabu wagonjwa: kila kitu kilikuwa kimeshaingizwa kwenye diski ya nje ya kompyuta. Ndiyo kile kisanduku cheusi ambacho Kiplangat alikichomekea kisu kwenye ramani. Opondo alitaka kusoma mstari mmoja tu.

Kepher ndiye aliyejua ofisi, maana alikuwa msaidizi wa karani wa mizani. Pale buchani aliulizwa kama ana swali. Akasema hana.

Saa nane na dakika ishirini.

Mvua ilikuja kwa kawaida ya Kimulot, kwenye mashamba ya Kampuni: jua, wingu jeusi kutoka msitu wa Mau, halafu mawe ya barafu. Wachumaji walikimbilia vibanda na vikapu vichwani. Makarani walitoka mbio kufunika majani. Kiplangat alikata kufuli kwa mkasi wa chuma, na hakuna aliyesikia, hata Opondo aliyekuwa nyuma yake hatua mbili.

Kisanduku kilikuwa mezani. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Opondo alikizima taratibu, akachomoa waya wa kwenda kwa kompyuta, akachomoa adapta ukutani, akachukua na disketi ya programu inayokiendesha.  Ilikuwa kazi kama kazi.

Mlango ukafunguka. Mzee Kipngetich, mlinzi, maji yanamchuruzika, amerudia koti lake.

"Opondo?"

Ndiye aliyechimba kaburi la Syprose, akakataa malipo, hata soda. Kiplangat alimpiga na ule mkasi juu ya sikio, mara moja. Mzee aliketi chini polepole, kama mtu aliyechoka, kisha akalala.

Opondo alisimama. Kiplangat akamuuliza kama anakuja, ama aachwe amshike mzee mkono.

Alikuja. Kepher alipokea gunia lenye kisanduku nyuma ya pikapu, akaingia nalo chini ya turubai. Wale wawili wakakaa mbele. Njia ya matope mpaka Silibwet iliwachukua zaidi ya saa moja.

Saa kumi kasoro kumi.

Chuo cha taipu cha Rebeccah, kilichofungwa Jumamosi. Taipureta nane, ubao, kompyuta moja kuukuu. Kiplangat alikuwa na ufunguo. Opondo hakuuliza aliupata wapi. Aliunganisha kisanduku pale penye tundu la printa, akachomeka adapta ukutani, akabonyeza swichi.

Kimya. Hakuna taa, hakuna mngurumo.

"Washa," Kiplangat alisema.

"Nimewasha."

"Basi mbona imelala?"

Labda mawe yameangusha nyaya za stima. Opondo aliwasha taa ya meza, ikawaka. Akaihamishia kwenye tundu la ukutani la kisanduku, ikawaka. Ukuta ni mzima. Akaangalia kichwa cha waya kinapoingia nyuma, akakipuliza, akakisukuma mpaka kikalia. Kimya. Akabonyeza swichi mara kumi, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Akatoa waya wa kompyuta kabisa, maana kuna vyombo vikifungwa vibaya hukataa. Kimya. Akaweka kiganja juu ya adapta.

Baridi. Adapta inayokula stima hupata joto, hata kidogo. Hii ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Kiplangat alikuwa anatembea huku na huku akimtusi fundi, wazazi wake, ziwa na samaki wake. Kepher alikuwa dirishani. Opondo alichukua bisibisi akafungua plagi.

Mahali pa fyuzi palikuwa patupu.

Fyuzi ikiungua, hubaki pale pale na kuungua kwake. Haitoki. Na saa nane kile kisanduku kilikuwa kinawaka, alikiona mwenyewe. Kutoka pale mpaka hapa kilipita kwenye mikono ya mtu mmoja, chini ya turubai. Opondo aliiweka plagi mezani ikiwa wazi.

"Shemeji," alisema. "Askari wanafika saa ngapi?"

Kepher hakugeuka. "Kumi na nusu."

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na tatu.

Kiplangat alielewa kwa kuchelewa, kama watu wenye nguvu wanavyoelewa. Alichomoa bastola kiunoni, akamgeuza Kepher akampiga usoni kwa kitako chake, mdomo ukapasuka, meno yakatoka. Akamwelekezea mtutu. Kepher alisema, kwa damu, kwamba aliambiwa na Kampuni kisanduku kisiharibike, kicheleweshwe tu.

"Risasi yangu ni ya watu, si yako," Kiplangat alisema. Akamtazama Opondo. "Mimi sirudi ndani kwa sababu ya redio isiyoimba. Mlango wa nyuma uko wazi. Kuja."

Opondo alikuwa ameshaanza kufungua plagi ya taa ya meza.

Pikapu iliwaka nje, ikaenda. Fyuzi ya taa ilikuwa ya ampea kumi na tatu, kubwa mno kwa chombo kile, isingekilinda stima ikizidi. Kwa dakika kumi ingetosha. Aliipachika, akakaza skrubu.

"Walisema nitatolewa kwa nyumba," Kepher alisema nyuma yake. "Watoto wanne, Opondo. Ungewalaza wapi?"

"Ni dada yako."

"Dada yangu amekufa, shemeji. Hao wengine wako hai."

Opondo alibonyeza swichi. Kijani. Kisha mngurumo mwembamba, kama nyuki ndani ya chupa.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili.

Opondo aliingiza disketi, orodha ya zahanati ikafunguka kwenye kioo: wagonjwa thelathini na mmoja, wote wa pampu. Kuwachapisha hakuwezekani, printa na kisanduku vilitaka tundu lile lile. Opondo alichukua chaki akasimama ubaoni. Akamwambia Kepher asome, yeye ataandika, na Jumatatu wanafunzi wa Rebeccah watanakili hayo badala ya barua za kuomba kazi.

Kepher aliketi. Damu ilidondokea kwenye vitufe. Alisoma Gesare, 2093, kifua, arudi kazini. Alisoma Mellen, 3310, macho, arudi kazini. Alisoma Dorcus. Hata wale tuliodhani ni wazima, wanaoimba kwenye makwaya, aliwasoma: arudi kazini, arudi kazini, na chaki ikamfuata. Alipofika wa kumi na tisa akanyamaza.

"Endelea."

Kepher alibaki ameelekeza kidole kwenye kioo. Opondo alikwenda kuinama juu ya bega lake.

4417. Syprose. Amefika mara nne. Mara ya nne, kupumua kwa shida, anafaa kwa kazi, arudi shambani. Kwenye safu ya mwisho, aliyemleta mgonjwa: Kepher, ndugu. Mara zote nne.

Kwa hiyo Kepher alimpeleka. Mara nne alimpitisha kwenye chai akimshika kiuno, mara nne akamrudisha, na walipomwambia aseme hakuwahi kumleta, akasema. Mwaka mzima alikula ugali kwa meza ya Opondo akiwa na hilo kifuani.

Opondo hakumpiga. Nguvu za kupiga zilikuwa zimemtoka. Nje, changarawe ililia chini ya magurudumu, milango miwili, mitatu. Alimshika mkono shemeji yake, akaufungua, akaweka chaki ndani.

"Huyu mwandike wewe."

Waliingia na bunduki. Opondo alikuwa ameshanyoosha mikono. Walimlaza chini juu ya saruji, buti mgongoni, pingu. Askari mmoja alizima kisanduku, akakikunja kwenye koti kwa uangalifu kuliko alivyomshika mtu. Sajenti aliangalia ubao, akaangalia aliyesimama mbele yake.

"Kepher. Kazi yako imeisha. Weka hiyo chini."

Kepher alikuwa kwenye safu ya mwisho, ya aliyemleta mgonjwa. Hakuiweka chini. Alikuwa anaandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa, polepole, na aliandika mpaka walipomshika kiwiko.