Kuku Mwekundu Kutoka Myanga

Alasiri ya Kitale ina usingizi wake. Mahindi yananong'ona, mawingu yanashuka polepole kutoka Mlima Elgon. Nabwile alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, huku kope zikimlemea. Akasinzia. Ndotoni alikuwa kwao Myanga, Bungoma, na mama yake alikuwa akimwita.

"Te-te-te-teee!"

Akashtuka. Kumbe ni kuku mwekundu, yule aliyepewa na mama alipoolewa. Kuku alichungulia chini ya kitanda, akatoka, akalia tena.

"Hii kuku inalilia Bungoma," Nabwile alisema. Moyo ukamuuma, kwani hata yeye alikuwa akililia huko huko, ila kimya kimya.

Mumewe, Wanyonyi, alichoka. "Kelele yote hii, bana, na mayai hakuna! Jumapili wazee wanakuja. Si tuichinje tu?"

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuku hajaulizwa. Nabwile alimkumbatia kuku wake, akaenda naye kwa jirani, Wakiuru, aliyefuga kuku miaka mingi. Wakiuru alimsikiliza kuku, akacheka.

"Ati inalilia nyumbani? Hii inatetea! Inatafuta mahali pa kutaga."

"Kutetea? Si hiyo ni kazi ya wakili?"

"Neno ni hilo hilo. Sikia mwenyewe: te-te-te. Mimi naona hilo neno tulilitoa kwa sauti ya kuku. Ndio maana kuku anayeanza kutaga anaitwa mtetea. Na mtu akikusemea, anakutetea."

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Tafuta sanduku. Weka nyasi kavu. Weka kwa kona yenye giza kidogo, na usiifukuze. Ikitaga, toa mayai lakini acha moja, ndio irudi hapo."

Nabwile alirudi nyumbani na ulimi mwepesi. "Baba," alimwambia mumewe, "tuingoje mpaka Jumapili. Naomba." Wanyonyi alinuna, lakini sanduku alilipigilia misumari yeye mwenyewe.

Jumamosi nyumba ilikuwa kimya. Kuku alikuwa amelala sandukuni, macho nusu wazi. Baadaye akatoka akitetea kwa fahari. Kwenye nyasi kulikuwa na yai dogo lenye joto. Wanyonyi alilishika kwa mikono miwili.

"Wazee watakula jogoo," alisema.

Nabwile alimpigia tena mama yake simu; kilio cha kuku alikuwa amemsimulia mapema.

"Ile kuku bado inalilia nyumbani?" mama aliuliza.

Nabwile aliangalia sanduku, kisha mahindi.

"Hapana, mama. Iko nyumbani."