Seva Iliyosema kama Mutie

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, mwaka wa 1999, Muthoki alifagia ofisi ya shangazi yake mjini Wote mara mbili. Usidhani alipenda usafi. Msichana huyu wa darasa la saba hakuwa na dawa ya kutulia. Ukimpa kiti, atakizungusha. Ukimpa gazeti, atalisoma kuanzia ukurasa wa nyuma. Akimaliza kufagia na asione la kufanya, alifagia tena, nalo vumbi la Agosti, lisilo na haya, lilimrudia mlangoni kabla hajaweka ufagio chini.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya mradi wa mabwawa ya mchanga. Vikundi vya wanawake vilijenga kuta za saruji mitoni. Mvua ikinyesha, mchanga ulijaa nyuma ya ukuta na maji yakajificha ndani yake, watu wakayachimbua wakati wa kiangazi, wakanywa wao na ng'ombe wao. Shangazi Kaluki ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi. Alikuwa na kompyuta tatu, simu moja, na katika chumba kidogo cha nyuma, seva. Seva hiyo ilikuwa kompyuta mama. Iliwashwa asubuhi, ikazimwa jioni, na barua zote za kompyuta zilipitia kwake zikielekea Nairobi kwa waya wa simu.

Karani aliitwa Mutie Kisilu, kijana aliyeajiriwa kwa majaribio. Mutie alikuwa mpole na mchapakazi, ila ulimi wake haukuwa na "r". Kikamba hakina herufi hiyo, naye hakuona sababu ya kuazima ya watu. Alisema "balua" na "kalatasi" bila wasiwasi. Muthoki, aliyezaliwa Voi ambako babake alifanya kazi ya reli, alikuwa na "r" iliyokwaruza kama debe linaloburutwa kwenye kokoto.

"Habali ya asubuhi, Muthoki."

"Habali nzuli sana, Bwana Mutie! Umetuletea kalatasi?"

"Cheka tu. Nyanya yako akisema 'ledio' mbona humcheki?"

"Yule? Yule ana bakora!"

Mutie alicheka hadi mabega yakatikisika. Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Kwa sababu alicheka, Muthoki aliamini kwamba mzaha wake hauna mpaka.

Aliyeifunga seva ile ni fundi aliyeitwa Roble, kijana wa Kisomali mwenye karakana Machakos. Babake alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia Kitui zamani, na Kikamba cha Roble kilikuwa safi kuliko cha Muthoki. Siku moja alimwona msichana akichungulia mlangoni, akamwita.

"Kompyuta zinajuana kwa namba," alimweleza. "Binadamu naye hawezi kukumbuka namba zote hizo, anataka majina. Sasa, ukiwa sokoni na humjui Nzuki mshona viatu anakaa wapi, utafanyaje?"

"Nitauliza mtu."

"Huyo mtu wa kuulizwa ndiye anayeitwa DNS. Ukimtajia jina, anakuonyesha pa kwenda. Akikosea yeye, nyote mmepotea."

Alimwonyesha faili la majina ndani ya seva, mstari kwa mstari. Kompyuta zote alikuwa amezipa majina ya mito. Za mezani zilikuwa Tiva, Thwake na Kaiti. Seva yenyewe iliitwa Mara. Mutie, bila shaka, aliiita Mala.

"Hapa tazama kwa macho," Roble alimwonya. "Vidole vitie mfukoni."

Bahati mbaya, gauni la Muthoki halikuwa na mifuko.

Jumatano alasiri shangazi alikwenda kukagua bwawa, Mutie akaenda posta. Muthoki alifagia, akafagia tena, kisha akajikuta mbele ya seva. Alifungua faili la majina. Akautafuta mstari ulioelekeza barua kwa Mara, akafuta "r", akaweka "l". Mara ikawa Mala.

"Haya, mama," aliiambia seva, akicheka peke yake hadi machozi. "Sasa na wewe unaongea kama Mutie!"

Alikusudia kumwonyesha Mutie, wacheke pamoja, kisha airudishe herufi mahali pake. Lakini Mutie alirudi akiwa ameandamana na shangazi, na shangazi alikuwa na haraka. "Zimeni kila kitu, twende. Kesho ni siku kubwa." Seva ikazimwa na mzaha ukiwa tumboni mwake.

Kweli, kesho yake ilikuwa siku kubwa. Wanawake wa kikundi cha mto Kaiti walikuwa wameshafika, wamejipanga kwenye benchi la barazani wakiongozwa na Mama Mbinya, mwenyekiti wao. Ombi lao la saruji lilipaswa kuwafikia wafadhili kwa barua ya kompyuta kabla ya saa kumi jioni. Likichelewa, saruji ingepewa kikundi kingine, na mvua za Novemba zingeukuta mto uko wazi.

Mutie aliwasha seva, akatuma ombi. Likarudi. Akatuma tena. Likarudi tena.

"Inasema haijui pa kuipeleka balua, Madam," alisema.

"Haijui vipi? Jana ilijua!" Shangazi Kaluki alikimbilia simu kumwita Roble, Mutie akimfuata.

Muthoki aliponyoka hadi chumba cha nyuma, akafungua faili. Akafuta mwisho wote wa mstari ule, akaliandika jina upya, na safari hii "r" ikiwa mahali pake. Akalifunga faili, akatoka akiwa na ufagio mkononi, uso mkavu kama mtu aliyetoka kanisani.

"Hebu izime, uiwashe tena, Bwana Mutie," alishauri.

Mutie aliizima, akaiwasha. Barua ikarudi.

Muthoki hakuelewa. Si alikuwa amerekebisha? Alizunguka meza. Akaenda barazani, akarudi. Akachungulia skrini juu ya bega la Mutie, akaenda tena barazani.

"Mtoto huyu ana mchwa miguuni?" Mama Mbinya aliuliza.

Roble alifika adhuhuri, kope zikiwa nyekundu kwa vumbi. Hakunywa hata maji. Kwanza alikagua nyaya. Kisha akaiita seva kwa namba kutoka kwenye kompyuta ya mezani, ikaitika.

"Kwa namba inaitika. Basi waya ni mzima, na seva ni nzima." Akaiita kwa jina, Mara, ikaitika pia. Kisha akaiuliza barua za ofisi zipelekwe kwa nani. Jibu lililorudi halikueleweka. "Ahaa. Ugonjwa uko kwenye majina."

Alifungua faili, akapitisha kidole chini ya mistari, mmoja baada ya mwingine. Akarudia. Akakuna kichwa.

"Majina ninayaona yote, na yako sawa," alisema polepole. "Lakini faili hili limeguswa leo asubuhi. Kompyuta yenyewe imeandika saa. Nani aliligusa?"

Shangazi alimgeukia Mutie.

"Mutie?"

"Mimi sikuligusa, Madam."

"Nani basi? Paka? Wewe ndiye uliyewasha."

"Kuwasha niliwasha. Lakini hilo faili hata kulifungua sijui. Haki ya Mungu."

"Usimwingize Mungu!" Shangazi alikuwa amechoka, na saa ukutani haikumngoja. "Mutie, karani asiyejua kitu nitamfundisha. Asiyesema kweli siwezi kukaa naye. Uko hapa kwa majaribio tu. Tukifunga leo, chukua vitu vyako."

Muthoki alifungua kinywa. Neno likafika hadi kwenye meno, likarudi. Labda Roble ataona tatizo, alijiambia. Labda barua itaenda, shangazi atatulia, mambo yaishe. Hakuna atakayejua.

Mutie hakubishana. Alianza kupanga meza yake, kalamu upande huu, rula upande ule, kama anayemwachia mgeni kitanda. Kisha akamtazama Muthoki na kusema kwa upole, "Wapelekee akina mama chai. Wamekaa sana."

Ingekuwa heri angemchapa kofi.

Barazani, Muthoki alimimina chai hadi ikafurika kikombe na kumwagikia sahani.

"Taratibu, mwanangu," Mama Mbinya alisema. "Yule karani yuko wapi? Mwambie tunamwombea. Juzi tulikuwa hatukielewi hicho Kiingereza cha wafadhili. Akakaa nasi hapa, akatusomea neno kwa neno kwa Kikamba, mpaka mbu wakaja."

Muthoki aliweka birika chini katikati ya baraza, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kulipiga teke. Akaingia ndani akikimbia, asije akabadili nia njiani.

"Ni mimi."

Shangazi aligeuka. "Ni wewe nini?"

"Faili. Ni mimi niliyeligusa, wala si Mutie. Jana niliandika Mala nimchekeshe. Leo asubuhi nikarudisha Mara msijue. Sijui mbona bado inakataa, Anti. Nilirudisha 'r'! Kweli niliirudisha!"

Shangazi alifungua kinywa kikubwa cha kugomba, lakini Roble aliinua mkono.

"Madam, ngoja. Atagombezwa baadaye, mimi mwenyewe nitakushikia kiboko. Muthoki, mstari gani?"

"Huu wa barua."

"Ulifuta kuanzia wapi?"

"Kuanzia hapa... mpaka mwisho wote."

Roble alisogeza pua hadi ikakaribia kuigusa skrini. Halafu akajipiga paja. "Nukta! Umekula nukta!"

"Nukta gani?"

"Mwishoni mwa jina hapa palikuwa na nukta. Inaiambia seva kwamba jina limekwisha, isiongeze kitu. Ukiiondoa, seva inaliongezea jina la ukoo, yaani la ofisi nzima, mara ya pili. Ni kama nimtafute Mutie wa Kisilu, halafu niulizie Mutie wa Kisilu wa Kisilu. Nani atamjua huyo?"

"Mbona huyo yuko?" Mutie alisema kutoka mezani kwake. "Ni binamu yangu. Anauza mbuzi Kabati."

Hata shangazi alicheka, ingawa hakutaka.

Roble aligonga nukta, akaizima seva na kuiwasha. Simu ikalia mlio wake wa kukwaruza, ikanyamaza, taa ndogo zikachezacheza. Wote wanne walisimama wakitazama skrini kama watu wanaongoja uji uchemke. Barua ikaondoka. Safari hii haikurudi.

"Alhamdulillahi," Roble alisema, akaketi kwa kishindo. "Mistari ni mingi, na nukta ni ndogo kuliko yai la chawa. Bila kuambiwa mstari ulioguswa, ningetafuta mpaka kesho."

Shangazi Kaluki alikwenda hadi kwenye meza ya Mutie. "Nimekuhukumu kabla ya kuuliza kila mtu. Nisamehe. Rudisha vitu vyako mahali pake."

"Yameisha, Madam."

Muthoki naye alisogea, macho yakiwa chini. "Bwana Mutie, samahani."

Mutie hakucheka. "Kunicheka si neno, Muthoki. Tumezoea. Lakini uliniona nikifunga mizigo, na ukanyamaza. Hilo limeniuma."

Muthoki alijifuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Nisikilize," shangazi alimwambia, sasa bila kupaza sauti. "Mzaha wako ungetupotezea dakika chache tu kama ungesema asubuhi. Ulipouficha ndipo ulipozaa kosa la pili, na kosa la pili karibu limle mtu asiye na hatia. Fundi ni kama daktari. Huwezi kumwonyesha goti na kidonda kiko mgongoni. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Umekosa, sema umekosa wapi, mapema, na kwa kinywa chako. Umesikia?"

"Nimesikia, Anti."

"Haya. Nenda uwaambie akina mama ombi lao limekwenda. Na uwaeleze ni nani aliyewakalisha hapo kutwa."

Baraza halikuwahi kuwa refu kama siku hiyo. Wanawake wote waliinua nyuso.

"Mwaitu," Muthoki alimwambia Mama Mbinya kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama yake, "barua yenu imekwenda. Imepokelewa."

Vigelegele vikapaa hadi upande wa pili wa barabara. Vilipopungua, Mama Mbinya akauliza, "Na ni shetani gani aliyekuwa ameizuia?"

"Si shetani. Ni mimi. Nilichezea seva, halafu nikaficha."

Wanawake walitazamana. Mama Mbinya alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayepima mbuzi sokoni.

"Kikundi chetu kina sheria," alisema. "Anayeficha kosa, tunamtoa. Anayelisema mwenyewe, tunampa kazi. Saruji ikifika tutahitaji watu wa kubeba mawe hadi mtoni. Una mgongo?"

"Ninao," Muthoki alijibu.

"Basi utakuja," Mama Mbinya alisema, akamnyooshea kikombe. "Na sasa nimiminie chai, ila iishie ndani."